Vyombo vya Bi Ruzuna Uani

Bi Ruzuna, mke wa mwenye nyumba, alikuwa akiazima kila chombo kipya cha wapangaji wake bila kukirudisha. Nani angemdai, afukuzwe? Asubuhi moja alimwona mpangaji mmoja, Mwanjaa, akitoka gulioni na mbuzi mpya ya kukunia nazi, aliyoipata kwa bei chee.

"Ilete, niijaribu," aliamuru.

Mwanjaa akampa kwa mikono miwili. "Chukua, mama. Ila wenzangu wanasema eti vyombo ulivyoazima umeviuza."

"Mimi? Niuze makorokoro yao?"

"Wanakusingizia. Vitandaze uani, uwaite wavione, waone haya."

Jioni uani palijaa machujio, mabeseni na vibao vya kukatia mboga. Bi Ruzuna akaketi katikati, akawakodolea macho wapangaji.

"Haya, semeni! Nimeuza cha nani?"

"Hukuuza cha mtu, mama," alisema Mwanjaa. "Tena umevitunza vizuri. Asante sana."

Akainama, akachukua mbuzi yake. Wenzake nao wakashukuru, kila mmoja akabeba chake.

Uani palipobaki patupu, mama mmoja akarudi, akasimama kwa adabu.

"Samahani, Bi Ruzuna. Hicho kigoda ulichokalia nacho ni changu."