Nyasi za Mdomoni mwa Maji

Mto Kafue unapoanza kurudi nyuma mwezi wa sita, uwanda wote hubaki uking'aa, na maji yanapopungua huacha nyasi laini ambazo hata binadamu anaweza kuzitamani. Tunaziita nyasi za mdomoni mwa maji. Kwetu sisi Waila, mwenye ng'ombe anayezifikia kwanza hutembea kifua mbele mwaka mzima, na hakuna aliyemshinda Shachele kwa kifua.

Kila mwaka Shachele alilisha karibu na maji kiasi kwamba ng'ombe wake walikula huku yamewafika matumboni. Mdogo wake, Muchindu, aliyekaa naye kambi moja waliyoachiwa na marehemu baba yao, aliwapeleka wake kwenye mwinuko mkavu na kuwanywesha kisimani.

"We Muchindu, ng'ombe unawalisha mafagio?" Shachele alikuwa akimchokoza. "Au unaogopa kulowa miguu?"

"Maji baridi yananitia maumivu ya magoti, kaka," Muchindu alijibu. Ilikuwa kweli tupu. Hakuwa na ujanja mwingine wowote.

Mwaka huo mambo yalikwenda mrama. Kufikia mwezi wa tisa ng'ombe wa Shachele walikuwa mbavu tupu, na chini ya taya zao ulining'inia uvimbe laini kama mfuko uliojaa maji. Kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kufa. Wa Muchindu walikuwa wanono, ngozi zinameremeta. Shachele alikosa usingizi akijiuliza unono wa ng'ombe wake umehamia kwa nani, na jibu akalipata pale pale kambini. Akawaita wajomba na ndugu wote, akaapa kwamba mbele yao atamfukuza Muchindu kambini kwa uchawi, na tangu siku hiyo asihesabiwe mtoto wa baba yao.

Asubuhi ya kikao, maksai aliyeitwa Lubono, ambaye Shachele alimtungia wimbo wa sifa na kumwimbia kila sherehe, alianguka asiweze kuinuka. Ikabidi achinjwe. Kwa desturi yetu mdogo ndiye hupasua, kisha humkabidhi mkubwa ini. Muchindu, akijua fika alichoitiwa, alishika kisu.

Ini lilikuwa gumu kama mzizi. Kisu kilikwaruza ndani yake kana kwamba kimekuta mchanga. Muchindu akaliminya, na hapo wakatoka viumbe bapa wa kijivu, umbo la majani, mmoja baada ya mwingine, wakijikunja na kujikunjua juu ya ngozi. Tulikuwa tumewahi kuwaona wawili watatu siku za kuchinja, tukawatupia mbwa pamoja na kipande cha ini. Hawa walikuwa umati.

"Mnaona alichomtia?" Shachele alinguruma. "Mnaona?"

"Mtani, funga hilo domo nzi wasiingie!"

Aliyesema hivyo ni Choolwe, daktari wa mifugo wa wilaya, aliyekuwa amefika kuangalia vifo vile, mwanamke wa ukoo unaotaniana na ukoo wa Shachele. Mtani hakasirikiwi kwetu, hata akikutukana msibani.

"Njoo nikuonyeshe huyo mchawi wako," Choolwe aliendelea. "Tena njoo na mashahidi wako wote, wasije wakasema hawakualikwa."

Alituongoza hadi ukingoni mwa maji, akang'oa unyasi mmoja uliolowa. Kwenye shina lake alikuwa amejishikiza konokono asiyezidi ukucha wa kidole.

"Huyu?" Shachele aliangua kicheko. "Huyu hata bata hamshibishi!"

"Huyu huyu. Wale bapa wanataga ndani ya ng'ombe, mayai yanatoka na mavi. Mavi yakianguka majini, anaanguliwa mdudu ambaye jicho lako halimwoni. Anaogelea mpaka ampate konokono, anamwingia. Anaingia mmoja, mtani, wanatoka mamia! Wanajibandika kwenye nyasi, wanajivika ganda, wanatulia wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Ulimi wa ng'ombe."

Tuliosimama pale tulizaliwa kwenye uwanda ule na tulidhani tunazijua njia zake zote. Kumbe ilikuwako njia nyingine, kutoka inini hadi majini, hadi nyumba ya konokono, hadi kwenye jani na kurudi inini, na wasafiri wake hawakuwahi kupotea. Mjomba mmoja alivua kofia, nasi hatukumuuliza kwa nini.

Shachele alichuchumaa, akatazama mashina yaliyomzunguka. Kila shina lilikuwa na konokono wake. "Na mayai," aliuliza polepole, "nani aliyaleta hapa?"

"Nani mwingine anayesimamisha ng'ombe majini hapa kutwa nzima, kila mwaka? Wanakula pale pale wanapojisaidia. Ng'ombe wa Muchindu nao hawakosi wadudu hawa, ila ni wachache kwa sababu huku hawafiki. Dawa ninayo. Wengine watapona, wengine wamechelewa. Lakini ukiwarudisha hapa, usiniite tena."

Shachele aliinuka, akawageukia ndugu zake. "Niliwaita mshuhudie nikimfukuza anayewamaliza ng'ombe wangu. Basi ni mimi. Ng'ombe niliwaleta hapa kwa miguu yangu, tena kwa majivuno." Akamgeukia mdogo wake. "Muchindu, naomba nafasi huko juu kwako."

Muchindu alikuwa bado na damu mikononi. "Walete leo hii, kaka, hao hawana kosa," alisema. "Lakini uliniita mchawi mbele ya wajomba. Hilo halina dawa ya kunywesha. Nipe muda."

Shachele aliinamisha kichwa, akakubali. Kisha akawakusanya ng'ombe wake, akatangulia kupanda mwinuko, nao wakimfuata kwa kujikongoja, naye akilia bila kujificha. Ama kwa hakika, kikulacho ki nguoni mwako.