Kware Kumi Nyasini

Mitambo ya upepo kumi na miwili ilisimama juu ya uwanda wa nyasi, mirefu, myeupe, ikizungusha mapanga yake bila haraka. Chini ya kila mtambo palichomekwa vigingi na kuvutwa kamba za kutenga njia, na kila asubuhi watu wawili walizipita njia hizo wakitafuta ndege waliogongwa na mapanga wakaanguka.

Mmoja alikuwa kijana aliyetoka chuoni na shahada ya elimu ya ndege. Wenzake walimwita Profesa, naye hakukataa. Kampuni ya ushauri wa mazingira ilimchukua kwa miezi mitatu ya majaribio. Alichokitamani ni kiti cha kilimani, penye darubini, ambapo wataalamu walihesabu tai wakipita angani. Mama yake alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ni mtaalamu. Kurudishwa nyumbani kungekuwa aibu isiyo na pa kufichwa.

Wa pili alikuwa mama wa makamo, aliyewahi kuwa kibarua wa palizi. Profesa alimwita Shangazi. Shangazi alitembea ameinama, fimbo mkononi, akifunua nyasi fungu kwa fungu. Profesa alipita wima kama mlingoti, akamaliza njia yake kabla mwenzake hajafika nusu.

"Shangazi, umedondosha sindano?"

"Nimedondosha mume. Ukimwona huko mawinguni unakotazama, mwambie chai inapoa."

Profesa alicheka, akaandika kwenye fomu yake: Hakuna. Wiki tano aliandika hivyo hivyo.

Asubuhi moja mkuu wa kikosi, mwanamke wa maneno machache, aliwaita kwenye kontena lililokuwa ofisi.

"Jana alfajiri nilitupa kware kumi waliokufa katika njia za Shangazi, na kumi katika zako," alimwambia Profesa. "Kila mmoja nilimfunga uzi mwekundu mguuni. Ndivyo tunavyompima mtafutaji. Shangazi kaleta tisa. Wewe umeleta mmoja, na hata uzi hukuuona."

"Nyasi za upande wangu ni ndefu, mkuu."

"Na shingo nayo ndefu," Shangazi alinong'ona.

Mkuu hakucheka. "Ukiandika hakuna, mimi naandika kwenye ripoti kwamba mitambo hii haiui. Wenye mitambo wakisoma hivyo watajenga mingine arobaini. Nitakupima tena kabla miezi yako haijaisha, siku nisiyokwambia. Usipofikisha saba, funga virago."

Maneno hayo yalimwasha kama pilipili jichoni. Siku mbili alisaga meno: yeye, ajuaye majina ya kitaalamu ya ndege mia nne, ashindwe na mpalizi? Siku ya tatu alikimeza kiburi chake, kichungu kama shubiri, akamfuata Shangazi.

"Nifundishe."

"Piga magoti kwanza. Sasa, usitafute ndege, baba. Ndege aliyekufa hafanani na ndege. Tafuta nyasi zilizolala ilhali nyingine zimesimama."

Profesa alipiga magoti. Umande ulimlowesha hadi mapajani, miiba ikamchana viganja, mgongo ukamuuma kama wa kikongwe. Njia aliyozoea kuimaliza kwa dakika kumi sasa ilimla saa nzima.

Katika wiki ya mwisho, asubuhi moja, alishika kware mwenye uzi mwekundu. Kisha wa pili. Jua lilipopanda alikuwa na wanane kwenye mkoba. Kazi yake ilikwisha kupona, na hapakuwa na mtu wa kumwona akisimama. Lakini zilibaki hatua ishirini, naye akazitambaa. Karibu na kigingi cha mwisho alifunua nyasi akakuta kinda la mwewe lililoanza kuruka juzi tu, bawa limekatika. Mguuni hapakuwa na uzi.

Mkuu aliligeuza mezani, upande mmoja, kisha wa pili.

"Hili si langu," alisema. "Hili limeuawa na mtambo."

Mtambo ule uliamriwa kuzimwa kila asubuhi ya msimu wa makinda ya mwewe kuanza kuruka, na chini ya ripoti likaandikwa jina la Profesa. Kiti cha kilimani alikipata mwezi uliofuata, akakikalia akiwa na suruali iliyotoboka magotini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.