Kura Moja ya Chungu

Someni haya mpaka chini kabisa, maana mwenye kisa hiki aliumia kwa kutosoma mpaka chini.

Palikuwa na mzee mmoja, Kasiani, fundi wa baiskeli, aliyempenda mgombea urais mmoja kuliko alivyowahi kumpenda mtu wa kwao. Mgombea mwenyewe hakuwahi kumwona hata kwa mbali. Alama yake ilikuwa chungu. Basi Kasiani akachukua chungu cha mkewe, kile cha kupikia maharage, akajitwika kichwani akaenda kucheza nacho mkutanoni. Kikaanguka, kikapasuka vipande. Mkewe, Bi Tekla, akaanza maisha ya kuazima sufuria kwa majirani.

"Subiri," mzee akamwambia. "Akiingia Ikulu utapika kwenye vyungu kumi."

"Mimi nilikuwa na kimoja, Baba Fausta. Kilinitosha."

Siku ya kura wakaenda wote wawili. Siku ya tatu redio ikatangaza. Wagombea walikuwa saba. Chungu kikatajwa cha saba.

Kasiani akaishika redio akaitikisa, kama vile kosa lilikuwa la betri. Nje wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, muuza nyama anagonga debe, na wale wale waliokuwa wakimwapia kibandani kwake kwamba ni Chungu tu, ndio waliokuwa wanacheza mbele.

"Pole, fundi!" mmoja akamwita. "Tulikuwa tunakuitikia ili utuzibie pancha bure!"

Mzee akatoka mbio hadi shuleni, ambako matokeo ya kituo chao yalikuwa yamebandikwa mlangoni. Waliopiga kura, mia tatu na kumi na wawili. Akashusha kidole taratibu mpaka kwenye Chungu.

Moja.

Moja! Na hiyo moja anaijua, ni ya mkono wake mwenyewe. Sasa ya mke imekwenda wapi?

Alimkuta Bi Tekla anapepeta mchele.

"Mama Fausta, ulimpigia nani?"

"Chungu."

"Chungu kina kura moja! Hiyo ni yangu. Yako iko wapi?"

"Niliitumbukiza sandukuni. Nimeshakwambia, Chungu."

"Miaka thelathini na minane nalala na msaliti! Toka kwangu!"

Bi Tekla akamtazama, akaona hatanii. Hakulia. Alimaliza kupepeta kwanza, kisha akafunga kanga zake, akamkamata kuku wake mmoja, akavuka mto kwenda kwa kaka yake.

Siku nne mzee akala mihogo ya kuunguza. Ya tano akamfuata Mwalimu Chengula, aliyesimamia kituo, kudai kura zihesabiwe upya. Mwalimu akampeleka mpaka pale mlangoni.

"Mzee wangu, karatasi hii uliisoma yote?"

"Niliisoma mpaka kwenye Chungu."

"Na huku chini pameandikwa nini?"

Kasiani akasogeza macho. Kura zilizoharibika: moja.

"Mjinga gani huyo?" akauliza. "Alichora nini?"

"Alama aliiweka vizuri tu. Halafu akaandika jina lake pembeni, na namba ya simu. Karatasi yenye jina la mpigaji haihesabiwi."

"Haihesabiwi!" Mzee akapandisha sauti. "Sasa rais atajuaje nani alimpigia? Mbona mimi mwenyewe niliandika langu, na namba ya..."

Mwalimu akageuka akatazama mabati ya darasa, kwa heshima tu.

Basi ile moja ni ya nani? Kijiji kizima, mtu aliyemwambia usoni kwamba amekipigia Chungu, hata baada ya Chungu kuanguka, alikuwa mmoja tu. Kasiani akakaa chini pale pale kwenye ngazi ya darasa.

Jioni alifika kwa shemeji yake. Bi Tekla alikuwa anamenya njegere, wala hakumpisha kiti.

"Ile kura moja ilikuwa yako," mzee akasema. "Yangu niliiharibu mwenyewe."

"Mimi yangu nilijua iko. Yako ndiyo sikujua ilikopotelea."

"Kumbe na wewe ulimpenda?"

"Nani, yule? Hata sura yake inanichosha. Nilisema, mume wangu kapiga kelele mwaka mzima, mtu wake akija kupata kura moja watamcheka. Nikaongeza yangu ziwe mbili."

Mzee akachuchumaa, akaanza kumenya njegere naye.

"Turudi nyumbani, Mama Fausta."

"Nikapikie kwenye nini?"

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio, njia imejaa watu. Wakamwona Kasiani anavuka mto na chungu kipya kichwani.

"Fundi!" wakampigia kelele. "Kampeni zimekwisha!"

Mzee akaendelea na njia. Safari hii alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

Funzo: Kabla hujamwita wa nyumbani kwako msaliti kwa ajili ya mkubwa asiyekujua hata jina, kagua kwanza karatasi yako. Huyo mkubwa hatakuja kukupikia maharage.