Kitambi cha Shaame Mkwezi

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana aliyenihadithia mimi naye hakuulizwa, katika kijiji cha Kidimbwini palikuwa na mkwezi wa minazi jina lake Shaame. Alikwea, akaangua, akashuka. Alikwea, akaangua, akashuka. Na kwa desturi ya huko, kila mnazi aliokwea alipewa nazi mbili zake mwenyewe.

Sasa nazi zote hizo zitakwenda wapi kama si jikoni? Mkewe, Bi Mize, alikuwa fundi wa mapishi. Akipika wali, wa nazi. Akipika samaki, wa nazi. Maharage ya nazi, mihogo ya nazi, mchicha wa nazi, na kashata za kushushia. Shaame alikula akashukuru, akalala akakoroma, akaamka akakwea. "Mchumia juani hulia kivulini," alipenda kusema, na kivuli chake kikazidi upana mwaka hadi mwaka.

Katika shamba la tajiri mmoja, Bwana Hamdani, ulikuwepo mnazi mrefu kuliko yote. Ukoo wa Hamdani ulikuwa na mila yake: chakula cha harusi hakipikwi mpaka nazi za mnazi ule ziangushwe siku hiyo hiyo. Baba yake Shaame ndiye aliyekuwa akiukwea, na alipokufa alimwachia mwanawe kamba ya miguuni na kazi hiyo, basi, hakumwachia kingine.

Bwana Hamdani alikuwa na mabinti saba. Alipokaribia kumwoza wa kwanza, akamwita Shaame aujaribu mnazi. Shaame akafunga kamba, akalikumbatia shina, mikono haikukutana. Kitambi kilikuwa katikati. Akapanda kimo cha mtu mmoja, akateleza mpaka chini, na ngozi ya tumbo ikabaki juu ya mnazi. Watu wakacheka. Shaame naye akacheka, lakini moyoni alilia.

"Shaame," akasema Bwana Hamdani, "harusi ni baada ya siku arubaini. Ukiukwea, wewe ni mkwezi wangu mpaka ufe. Usipoweza, namwita mkwezi wa ng'ambo ya mto. Na yeyote atakayekupunguza hicho kitambi, nitampa ng'ombe wangu mwekundu, mtamba ambaye hajazaa bado."

Shaame akarudi nyumbani ameinamisha kichwa.

"Mke wangu, kuanzia leo nipunguzie chakula."

"Nikupunguzie kipi?"

"Chochote, isipokuwa wali wa nazi."

"Na samaki?"

"Samaki mwache na nazi yake."

"Kashata je?"

"Mize, kwani mimi nina ugomvi na kashata?"

Bi Mize akaingia jikoni. Lakini tangu siku ile wali ulikuwa wa nazi na haukuwa wa nazi. Shaame alitafuna, akatafuta ladha, akaikosa.

"Nazi za mwaka huu hazina mafuta," akasema Bi Mize, na nywele zake zinang'ara kama zilizooshwa kwa mwezi.

Shaame akakubali, ingawa nazi zile alizichagua mwenyewe.

Palikuwa na jirani, Faki, mwembamba, hana mke wala chungu. Sinia likitua tu, Faki, "Hodi!" Na kwa watu wa Kidimbwini anayepiga hodi watu wakila huambiwa karibu, na akiambiwa karibu hula sinia moja na mwenyeji. Faki alikuwa na mkono mwepesi. Shaame tonge moja, Faki tatu. Shaame tonge moja, Faki tatu. Kesho yake tena, "Hodi!" Na mwenye nyumba angesema nini? "Karibu, jirani."

Basi Shaame akaondoka na njaa, akapanda kilima kwenda kwa mama yake, Bi Time.

"Mwanangu, umekonda!" akalia Bi Time, na kitambi kingali kimetangulia mlangoni. "Ngoja nikupikie. Lakini maji yameniishia. Nitekee kwanza madebe mawili."

Kisima kilikuwa chini ya kilima. Shaame akashuka, akapanda na debe. Akashuka, akapanda na debe. Ndipo akapakuliwa wali wa tui zito, na vitumbua vitano.

"Usimwambie mkeo," akasema Bi Time.

Asubuhi akaja, jioni akaja. Asubuhi maji, jioni maji. Ikawa hivyo mpaka siku arubaini zikatimia, naye alimwambia mkewe kuwa anakwenda kutazama minazi.

Siku ya harusi ikafika. Kijiji kizima kikakusanyika chini ya mnazi mrefu. Shaame akafunga kamba ya baba yake, akalikumbatia shina, na vidole vikakutana. Alikwea pole pole, akapita kimo cha mtu, akapita mapaa ya nyumba, akafika kileleni. Kutoka huko akaiona njia ya kilima cha mama yake, nyekundu, nyasi zimekufa kwa nyayo zake mwenyewe. Shaame akaelewa njia ile ilikuwa imemfanya nini. Akaangua nazi, akashuka, na kilichomshusha kimya kimya ni hofu ya kuulizwa alikuwa akila wapi.

Vigelegele vikapigwa. Mtamba mwekundu akaletwa.

"Nani aliyempunguza?" akauliza Bwana Hamdani.

Bi Mize akajitokeza. "Ni mimi. Siku arubaini nilimpikia kwa tui la mwisho, maji ya machicha. Tui zito nilikuwa nalichemsha liwe mafuta, napaka nywele. Nilimdanganya mume wangu kwa ajili yake."

"Ala!" akasema Shaame.

Faki naye akasimama, akapapasa tumbo lake, ambalo sasa lilikuwa duara zuri. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mnakitafuta kitambi cha Shaame? Hiki hapa! Nimemtua mzigo wake, nikaubeba mimi. Sikuja kwa mazungumzo, sisemi uongo. Nilikuja kula."

Bi Time akacheka. "Tui jepesi! Tonge tatu! Mwanangu alikuwa akila kwangu kutwa mara mbili, wali mzito na vitumbua. Ila kabla ya kula alipanda kilima na madebe kichwani. Kilichomkondesha ni maji yangu."

Bi Mize akamgeukia mumewe. "Minazi uliyokuwa ukitazama ndiyo hiyo?" Kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe mama, ulitaka maji tu!"

"Nilitaka maji, na nilitaka kumwona mwanangu. Kipi kibaya?"

"Na mimi je?" akasema Shaame kwa unyonge. "Aliyekwea ni nani? Aliyeteseka ni nani?"

"Uliteseka na vitumbua," akajibu mkewe.

Wali wa harusi ukaja, umepikwa kwa nazi za mnazi ule, tui zito, mvuke unapanda. Bwana Hamdani akauzuia kwa mkono. "Halimezwi tonge mpaka Shaame ataje jina moja. Nami nakumbusha, nina mabinti sita bado."

Shaame akamtazama mkewe, ambaye sufuria zote za nyumbani ziko mikononi mwake. Akamtazama mama yake, ambaye ndiye kimbilio lake sufuria zikifungwa. Akamtazama Faki, ambaye ameshanawa. Akamtazama mtamba, ambaye kesho atazaa, atakamuliwa, na maziwa yatakuwa samli. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, chakula kilikuwa mbele yake na tumbo lilikataa.

Nami nimemwacha hapo, na wali unapoa. Mwokoeni, nyinyi mlioshiba. Bi Mize, Faki, Bi Time, au Shaame mwenyewe: je, nani alistahili mtamba? Na wewe uliyekwisha kuinua mkono kujibu, kwanza niambie: ukishamtaja huyo mmoja, kesho Shaame akale kwa nani?