Mmea Uliofukiwa Mno

Wapendwa, alikuwepo baba mmoja, mjane, fundi cherehani, aliyejaliwa binti mmoja tu. Binti akasomea uuguzi, akapangiwa hospitali ya mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Baba akagoma. "Mimi unaniacha na nani?" Binti akalia, lakini akaenda. Nyuma yake akaacha tangi la vioo la samaki, na ndani yake mimea aliyoipanda kwa mkono wake.

Mnaujua ukimya wa nyumba aliyotoka mtu? Sebuleni baba alikuwa akisikia mapovu ya pampu tu. Kila jioni alikaa mbele ya lile tangi, anatazama, utadhani binti atachungulia kutoka upande wa pili wa kioo.

Akawa anampigia simu kila siku, na neno lake lilikuwa hilo hilo: "Unarudi lini?" Mwanzoni binti alijieleza. Kisha akawa anajibu kwa mkato. Mwishowe simu ikawa inaita mpaka inakatika.

Sasa samaki nao, kwa kuchimbachimba, wakaung'oa ule mmea binti alioupenda kuliko yote. Ukaelea juu. Baba akauchomeka kwenye changarawe. Kulipokucha uko juu tena. Akakasirika. Akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akaufukia wote yakabaki majani tu, akaupangia na mawe.

"Haya, nenda tena!" akauambia.

Mmea haukwenda. Ulioza. Maji yakanuka, samaki wakawa wanahema juu juu. Baba akaingiwa na hofu: hata hiki kidogo alichoachiwa na mwanawe kinamfia mikononi! Akamwandikia ujumbe: "Mwanangu, mmea wako unakufa. Nisaidie."

Simu ikaita.

"Shikamoo baba. Umeufukia?"

"Marahaba, mama. Nimeufukia sana, usiniponyoke."

"Ule haufukiwi, baba. Lile shina nene likizikwa linaoza. Kata palipooza, kipande kizima ukifunge kwa uzi juu ya jiwe. Ila usikaze."

"Nisipokaza si utaondoka?"

"Utashika wenyewe. Mizizi ikishalikumbatia jiwe, ndipo uukate uzi."

Lile swali la baba la siku zote lilikuwa limeshafika ulimini. Moyo ulimsukuma alitoe, ndugu zangu, maana hamu ya mtoto haina dawa. Akalimeza. Akauliza, "Huko kuna baridi? Unakula vizuri?"

Akasikia kilio upande wa pili. "Baba," binti akasema, "tangu nifike huku hujawahi kuniuliza hivyo."

Mnangoja niwaambie kwamba binti alifunga mizigo akarudi? Hakurudi! Yuko huko mpaka leo, anazalisha wake za watu. Baba bado anakula peke yake, na ziko jioni anamkumbuka mpaka kifua kinauma. Lakini siku hizi anayepiga simu ni binti.

Na sisi je? Ni nani tuliyemfukia? Mwenzi anarudi kutoka kazini, hatujampa pole tunamsomea mashtaka. Mtoto tunamleta humu kanisani kwa kumtishia moto, halafu tunashangaa imani yake imeoza kabla hajaota ndevu. Tunaogopa kuachwa, na hofu hiyo tunaibatiza jina la upendo. Mungu wetu anatuonea shauku kuliko baba yule alivyomwonea mwanawe, na bado ile milango mnaiona iko wazi. Anayetaka kutoka sasa hivi atatoka. Anavumilia hatari hiyo kila Jumapili.

Kuna mtu umemkaba mpaka haongei nawe tena. Jina lake unalo kichwani sasa hivi, wala sihitaji kulijua. Leo, kabla ya chakula cha mchana, mpigie simu. Akipokea, msalimie, kisha unyamaze, umsikilize yeye.