Ngiri na Pikapu Iliyotazama Mawingu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale Ngiri alikuwa na pikapu. Pikapu ngumu, ya kazi, mlangoni imeandikwa: mwisho tani moja. Ijumaa moja anakwenda kuoa ng'ambo ya mlima. Na bibi yake Mashavu, huyo bibi harusi, kashasema, "Jua likifika utosini hajaja, mlango naufunga. Aje siku nyingine." Ndiyo mila ya kwao.

Ngiri akapakia viazi vya wakwe. Gunia, gunia, gunia, mpaka tani ikatimia. Akawasha. Ngru-ngru-ngru!

Hajatoka, huyo Mjomba Nyati na kanzu yake.

"Mpwa wangu, unaniacha?"

"Mjomba, gari limejaa."

"Limejaa viazi. Viazi ndio ndugu zako?"

Ngiri akaona haya. "Haya, panda."

Springi zikalia: kwii!

Mbele kidogo, huyo Shangazi Kiboko. Kajifunga khanga tatu, na bado hazijakutana.

"Shangazi, springi zinalia!"

"Zinalia kwa furaha, baba. Si harusi? Na mimi mwepesi, tangu jana sijala."

Ngiri akaona haya tena. "Panda."

Kiboko akakaa nyuma, mwisho kabisa. Kwiiii!

Wakafika mlimani. Pikapu ikapanda, taratibu, taratibu. Mara pua ikainuka! Magurudumu ya mbele yanakanyaga hewa. Ngiri akakata usukani kulia, gari halisikii. Akakata kushoto, halisikii. Anatazama mawingu.

"Ngiri, tunakwenda wapi?"

"Mbinguni, Shangazi!"

Kwatu! Springi ikakatika. Puu! Gari likakaa kitako. Viazi bingiri-bingiri bondeni, na Ngiri nyuma yake, mkia juu.

Wakabeba vilivyobaki kichwani. Jua likafika utosini, likapita, likaanza kuzama. Ndipo wakabisha hodi.

Bibi akachungulia. "Mmekuja kuoa au mmekuja kuhama?"

"Bibi, nilikuwa nimebeba watu."

"Watu nawaona. Harusi siioni." Pa! Mlango.

Ndani, Mashavu, bibi harusi, hina ishamkauka mikononi, akalia kwa hasira. "Angemwambia tu shangazi yake hapana!"

Ijumaa ya pili springi mpya, viazi kiasi. Shangazi Kiboko huyo njiani, mkono juu.

Ngiri akatoa kichwa dirishani. Jasho likamtoka. "Shangazi, hapana. Tangulia kwa miguu, nitakuwekea sahani."

Kiboko akanuna. Akanuna mlima mzima, akanuna mpaka ukweni, akala pilau kuliko wote, bado kanuna. Na Ngiri kashaoa, jua lingali la asubuhi.

Basi wanangu, na ninyi watu wazima mnaojifanya hamsikii: kila chombo kina kipimo chake, na huruma haiongezi springi. Kukataa mapema ni aibu ndogo. Kukwama mlimani na wajomba ni aibu kubwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nashuka.