Punda Aliyekalia Bonde la Sisogei

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna uji mdomoni? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Hapo zamani za kale, punda walipokuwa bado wanasema, ukame uliingia nchi ya kina Luhende. Visima vikakauka, ng'ombe wakakonda, watu wakafunga mizigo. Luhende, mkubwa wao, akasema, "Twendeni kwenye mlima ule wa buluu. Mvua inalala kule."

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Mbegu zote za mtama zilikuwa mgongoni mwa punda wa Kalunde, mjane wa kaka yake Luhende. Walipofika kwenye bonde dogo kati ya vilima viwili, punda akakunja miguu, akakaa.

"Inuka!" akafoka Luhende.

"Sisogei," akasema punda.

Wakamvuta masikio. "Sisogei!" Wakamsukuma matako. "Sisogei!" Wakamfunga kamba, wanaume wakavuta, wakavuta, wakavuta, kamba ikakatika, pu! Wote chali kwenye majani marefu. Walipoinuka, makalio yao yalikuwa yamelowa chapachapa.

Kalunde akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Maji yakatoka, baridi, matamu.

"Kumbe ulijua kuna maji hapa?" akamwuliza punda.

"Nilijua nimechoka," akajibu punda.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Kalunde akamwambia Luhende, "Shemeji, mbegu zikilowa mifukoni zitaoza, na hatuna nyingine. Tupande hapa hapa."

"Niliwaahidi watu mlima," akasema Luhende, "leo niwape matope?"

Kalunde akampimia fungu lake la mbegu. Luhende akaondoka na nusu ya watu, bila kugeuka nyuma.

Waliobaki wakalima, na Kalunde akalima kuliko wote, kwa hofu. Kama amekosea, watoto wa watu watakufa njaa kwa neno lake. Jioni alipanda kilima cha mashariki kuangalia kama wenzao wanarudi. Ndiyo maana hadi leo kinaitwa Kilima cha Kuchungulia. Na yale maji aliyofukua yakawa kijito, kinaitwa Kijito cha Makalio, ingawa wageni wakija wazee husema Kijito cha Kamba. Bonde lenyewe wakaliita Sisogei.

Mvua ikanyesha, mtama ukarefuka ukampita mtu. Wakati wa mavuno, vumbi likaonekana kwa mbali. Luhende alikuwa anarudi na watu wake, wamechoka, wamekonda, miguu imepasuka.

Akasimama pembeni ya shamba, hasogei.

"Mlima ukoje, shemeji?" akauliza Kalunde.

"Jiwe tupu. Hata nyani wamehama. Mbegu tulizila njiani." Akainamisha kichwa. "Sikutaka kuja. Nilijua mtanicheka."

"Tutakucheka sana," akasema Kalunde, akimkabidhi bakuli la ugali wa mtama, moshi unafuka. "Lakini kula kwanza."

Akala. Wakamcheka mpaka punda akagaagaa chini, na mwisho Luhende naye akacheka, machozi yakimtoka. Kesho yake akajenga kule juu mteremkoni, na wajukuu zake wako huko mpaka leo.

Hadithi yangu imekomea hapo, bondeni. Mwenye yake na asogee motoni.